Anapenda roketi, hapendi vitabu: nimpe nini asome?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Mwanangu wa kiume ana miaka 12, yuko darasa la sita. Kusoma anajua, ila hataki. Akishika simu ya baba yake ni video za roketi na roboti mpaka chaji iishe. Nimemnunulia vitabu vitatu vya sungura na fisi, vyote viko uvunguni mwa kitanda. Je, kuna vitabu vifupi vya hadithi za anga na roboti kwa mtoto kama huyu? Niangalie nini ninaponunua? Na je, nimtafutie vya Kiingereza kwa kuwa sekondari iko karibu?"

Marahaba mama, na pole kwa mahangaiko.

Nianze na hivyo vitabu vya uvunguni. Mtoto wako hakuvitupa kwa kiburi. Aliangalia jalada, akaona sungura amevaa kaptula, akajua amepewa kitabu cha mtoto mdogo. Hilo linauma, hasa kwa mtoto ambaye darasani tayari anajulikana kwamba hapendi kusoma. Sisi wakubwa tukiona mtoto anagoma, tunamshusha ngazi. Tunamtafutia lugha nyepesi, lakini pamoja na lugha tunapunguza na mambo yenyewe. Kichwa chake kinawaza roketi inayorudi kutoka angani ikatua wima, sisi tunampa fisi aliyefuata harufu ya mifupa. Ngano za sungura nazipenda sana, na nimezihariri nyingi. Ila anayetaka kujua roketi inatuaje hazimjibu swali lake.

Anachohitaji ni kitabu chepesi kwa macho na kizito kwa mambo. Nimefundisha shule ya msingi miaka 13 kabla ya kuhamia kwenye uhariri wa vitabu vya watoto, na karibu kila mtoto mgomaji niliyekutana naye alikuwa amepewa kinyume chake.

Hadithi za roketi, roboti na sayari, ambazo sisi wa vitabu tunaziita bunilizi za kisayansi, zinamfaa mtoto wa namna hii kwa sababu kila ukurasa unaacha swali. Nyuma ya lango kuna nini? Hewa itatosha mpaka asubuhi? Roboti anasema kweli? Mtoto anayegoma mara nyingi hana ugomvi na maneno. Ugomvi wake ni kwamba haoni anasoma ili iweje. Tena hadithi hizi zimezoea ufupi tangu zamani, maana zilikulia kwenye majarida. Jarida la kwanza lililochapisha hadithi za aina hii peke yake lilianza New York mwaka 1926, na hadithi zake nyingi zilikuwa za kumaliza kwa mkao mmoja. Kitabu kifupi cha anga si kitabu kirefu kilichokatwa mkia.

Iliyotungwa vizuri hubadilisha jambo moja tu duniani, mengine yote yakabaki kama tunavyoyajua. Tuseme asubuhi moja simu zote pale stendi ya Msamvu zinalia kwa pamoja, na kila anayepokea anasikia sauti yake mwenyewe ikimwambia jambo litakalotokea kesho. Basi. Mabasi ni yaleyale, muuza mayai ya kuchemsha ni yuleyule, mpiga debe anapiga debe. Mtoto hana mengi ya kukariri, ana swali moja tu la kufuata. Ukifungua kitabu ukakuta ukurasa wa kwanza una falme tano, sayari nane na majina ambayo hata wewe ulimi unakataa, kirudishe kwenye rafu. Huenda ni kitabu kizuri sana, ila kwa mwanao bado.

Sasa kuna jambo ambalo hata wauza vitabu wengi hawalijui. Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu kupima ugumu wa kitabu umetoka kwenye Kiingereza, ambako mtoto hukwama kwenye kulitamka neno lenyewe. Kwetu maneno husomwa kama yalivyoandikwa. Mtoto wa darasa la tatu aliyezishika silabi zake atakusomea tangazo la mnada bila kukwama hata mara moja, na asielewe chochote. Kwa hiyo ile kawaida ya kumwambia "hebu soma kwa sauti nisikie" haikwambii kama kitabu kinamfaa. Anaweza kutamka kila kitu huku akili iko uwanjani inacheza mpira.

Mzigo wa Kiswahili uko kwenye kitenzi. Chukua neno "asingelimfungulia". Neno moja, lakini ndani yake yumo aliyetenda, umo ukanushi, limo jambo ambalo halikutokea, yumo aliyetendewa, na kimo kitendo chenyewe. Mtoto akikutana nalo moja kwenye ukurasa, sawa, atalifungua. Akikutana na manane mfululizo, anachoka bila kujua kilichomchosha, anasema tu "kinaboa". Hebu soma sentensi hii, ya aina ninayoletewa kila wiki:

"Mwanaanga ambaye alikuwa ametumwa kwenda kuchunguza sababu zilizosababisha kukatika kwa mawasiliano baina ya kituo na chombo hicho, alipokuwa akilikaribia lango kuu, aligundua kwamba lilikuwa limekwisha kufunguliwa na mtu asiyejulikana."

Kisarufi haina kosa. Lakini kati ya "mwanaanga" na "aligundua" kuna maneno 20, na muda wote huo mtoto amembeba mwanaanga mkononi hajui amweke wapi. Akifika kwenye "lilikuwa" inabidi akumbuke tena kwamba "li-" ni lango. Na lile jambo la kutisha, kwamba kuna mtu kafungua, limefichwa mwisho kabisa kama chenji ndani ya soksi. Sasa soma hii:

"Saa nne usiku redio ilinyamaza. Asha akavaa suti, akashika tochi, akatoka. Lango lilikuwa wazi. Nani kalifungua? Chombo kizima kina watu wawili: yeye na Juma. Na Juma alimwacha anakoroma."

Ukihesabu utaona idadi ya maneno inakaribiana. Kilichobadilika ni kwamba kila sentensi imebeba tukio moja, na ile "-ka-" yetu inamsukuma msomaji mbele: akavaa, akashika, akatoka. Bibi zetu walitusimulia kwa "-ka-" hiyo hiyo, na masikio ya mwanao yanaijua tangu hajaanza chekechea. Kwa hiyo ukiwa dukani fungua ukurasa wa katikati, si wa kwanza, maana wa kwanza kila mwandishi huupamba. Tafuta "akaenda, akafungua, akaona". Ukikuta "ambaye" na "ambacho" vimejazana, au "alikuwa amekwisha" kila mstari, kiache.

Kama mko pamoja, mpe asome ukurasa huo kimyakimya, kisha funga kitabu umwambie, "Haya nihadithie, imekuwaje?" Akikuhadithia hata kwa kurukaruka, kinamfaa. Akikuhadithia halafu akanyoosha mkono kukichukua tena, lipa pesa muondoke.

Kuhusu umbo, mimi huanza na kurasa 32 hadi 64, sura zisizozidi kurasa nne. Sura fupi ni muhimu kuliko kitabu kifupi. Mtoto mgomaji huhesabu kurasa zilizobaki kama abiria anavyohesabu vituo, na kila sura inapoisha amefika mahali. Herufi zisiwe za gazeti, mistari isibanane, na karatasi ikiwa na rangi ya maziwa badala ya nyeupe ya kung'aa, macho hupumzika. Kuna wachapishaji wanaoitwa Barrington Stoke, walioanzia Edinburgh, Uskoti, mwaka 1998, ambao kazi yao ni vitabu vifupi vya watoto wanaosoma kwa shida, na mambo hayo ya karatasi, herufi na nafasi wanayachukulia kwa uzito uleule wa hadithi yenyewe. Vyao ni vya Kiingereza, ila kwa jicho lako unaweza kukagua mambo hayo hayo kwenye kitabu chochote.

Mhusika mkuu awe na miaka 13 au 14. Watoto husoma kwa kutazama juu kidogo, hawapendi kusoma habari za walio wadogo kwao. Picha ziwepo, lakini mhusika achorwe kama kijana. Kitabu cha katuni nacho ni kitabu, tena kusoma picha na maneno kwa pamoja kuna kazi yake, kwa hiyo usimnyime. Na ukibahatika kukuta vile ambavyo msomaji ndiye anayeamua, "ukitaka kufungua lango nenda ukurasa wa 14, ukitaka kukimbia nenda wa 21", nunua bila kujiuliza mara mbili. Wavulana waliokuwa hawafiki ukurasa wa tano nimewaona wakisoma kitabu cha namna hiyo mara tatu, ili tu wajue wangekufa vipi kama wangefungua.

Tuje kwenye upatikanaji. Rafu ya bunilizi za kisayansi za Kiswahili kwa umri wa mwanao ni ndogo. Riwaya za watu wazima zenye safari za angani tunazo. Katama Mkangi alitoa "Walenisi" mwaka 1995, na hilo jina ukilikata vipande unapata "wale ni sisi". Ni kazi ya fikra nzito inayozungumzia jamii na utawala, mwekee mpaka afike kidato cha tatu au cha nne. Kwa sasa anzia maktaba ya mkoa hapo Morogoro. Mwombe mkutubi vitabu vya hadithi vya darasa la tano hadi la saba, umtajie kabisa neno "sayansi" au "anga", kwa sababu vitabu hivi huwa vimechanganywa na ngano na hakuna rafu yake. Uliza pia shuleni kwake kama wana vitabu vilivyotoka Mradi wa Vitabu vya Watoto, ambao tangu mwaka 1991 umekuwa ukisaidia vitabu vya hadithi vya Kiswahili vichapwe na vifike shuleni. Mara nyingi vimefungiwa kabatini ofisini, vinasubiri mzazi mmoja aulize.

Kwenye simu ya baba yake kuna njia mbili za bure. African Storybook, tovuti iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi nyingi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi. StoryWeaver ya India, iliyoanza mwaka 2015, nayo ina za Kiswahili, na zimo za sayansi. Nyingi ni za watoto wadogo, kwa hiyo nenda moja kwa moja ngazi za juu na uchague kwa mkono. Uzuri wake ni kwamba leseni yake inaruhusu kuchapa. Usimwachie asome kwenye simu, maana video za roketi ziko kidole kimoja pembeni. Peleka steshenari wakuchapie, kunja karatasi katikati, piga pini mgongoni. Wewe ni fundi, unaweza hata kuishona kwa uzi, nayo itadumu kuliko ya pini. Mwache yeye achore jalada.

Nikuambie kilichotokea kwangu nilipokuwa nafundisha Tanga. Nilikuwa na mvulana mmoja wa darasa la sita, mkimya, anayekaa nyuma, ambaye kitabu kwake kilikuwa kitu cha kuegemea kichwa. Siku moja kwenye sayansi nikawaeleza kuhusu San Marco. Kaskazini ya Malindi, baharini kabisa, Waitaliano walisimamisha jukwaa la kurushia roketi, na kati ya mwaka 1967 na 1988 walikuwa wakirusha kutoka hapo. Walipachagua kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, kwa hiyo roketi inapoondoka tayari ina msukumo iliopewa bure. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru wake, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza duniani kufanya kazi hiyo peke yake. Wakaipa jina Uhuru. Mpaka leo wanafunzi wa elimu ya nyota popote duniani hulisoma jina hilo vitabuni mwao, kwa Kiswahili chetu.

Yule mvulana akanyanyua mkono, kwa mara ya kwanza muhula ule. "Mwalimu, ile setilaiti ilikuwa inasikia nini?"

Sikumjibu. Usiku ule nikakaa na kalamu, nikaandika kurasa sita kwenye karatasi za mtihani. Kijana mvuvi anaitwa Kadenge. Ngalawa yake inapita karibu na jukwaa usiku, jukwaa halina mtu miaka mingi, lakini juu kuna taa. Anapanda. Ndani anakuta redio inanguruma. Anazungusha kitufe, na sauti inatoka, mbali sana, inamwita kwa jina, kwa Kigiriama, kwa sauti ya bibi yake. Hapo nikaishia. Asubuhi nikampa zile karatasi, nikamwambia nimesahau nyingine nyumbani. Saa ya mapumziko alikuwa amesimama mlangoni kwa ofisi ya walimu, karatasi zimeshikwa kwa mikono miwili, hajaenda hata kununua ubuyu. Wiki ile niliandika kila usiku, na Ijumaa akaniletea daftari lenye kurasa zake mbili. Alikuwa amechoka kunisubiri.

Kwa hiyo kabla hujampa kitabu chochote, mpe jambo la kweli kwanza, halafu hadithi ije juu yake. Mna mambo mengi ya karibu. Kuna kimondo cha Mbozi huko Songwe, donge la chuma kutoka angani lenye urefu wa mita tatu hivi, na watu huenda kulishika kwa mikono yao. Kuna ndege zisizo na rubani zinazopeleka damu hospitalini Rwanda tangu mwaka 2016. Kuna Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 2023. Mwambie anyanyue ndoo ya maji ya lita 20, kisha umwambie kwenye Mwezi ndoo hiyo hiyo angeiona kama ya lita tatu na kidogo, maana uvutano wa kule ni sehemu moja tu kati ya sita ya huu wetu. Atakuuliza maswali yanayozidi uwezo wako. Hapo ndipo mahali pa kitabu.

Nyumbani, kurasa tatu za kwanza msomee wewe, hata kama ana miaka 12. Soma hadi mahali pabaya, pale mlango unapoanza kufunguka, halafu ukumbuke una nguo ya mteja ya kumaliza. Kiache kitabu mezani uende. Usimwambie amalizie. Siku nyingine mgeuzie kazi: kaa kwenye cherehani, mwambie mikono yako imeshikika, akusomee ujue Asha alimkuta nani nje. Dakika 10 zinatosha. Akikosea neno usimrekebishe kama maana haijapotea. Na ninakuomba sana, usimtungie maswali. Shuleni kila hadithi anayosoma inaishia na "jibu maswali yafuatayo", ndiyo maana anaikimbia. Ukitaka kujua kama ameelewa, mpinge. Mwambie, "Aa, mimi sidhani kama Juma alikuwa amelala kweli." Utamsikia.

Akiruka kurasa, mwache. Akirudia kitabu kimoja mara nne, mwache pia. Akikuta kosa la sayansi, kwa mfano mlipuko unaosikika angani ambako hakuna hewa ya kubeba sauti, mpongeze kwa dhati, kwa sababu ameshaanza kusoma kama msomaji.

Vya Kiingereza usivitangulize. Anachokosa sasa ni ladha ya kumaliza kitabu, na ladha hiyo ataipata upesi zaidi kwa lugha anayoota nayo. Akishamaliza vitatu au vinne vya Kiswahili, hapo kamtafutie kifupi cha Kiingereza kwa wauza vitabu vilivyotumika, cha katuni ikiwezekana, chenye jambo analolijua tayari. Mtoto anayejua roketi inavyofanya kazi atayaokota maneno ya Kiingereza kwa kukisia, na kukisia huko ndiko kutakakomsaidia kidato cha kwanza.

Jambo moja la kuangalia mapema: kama anapindua herufi, anapoteza mstari kila mara, anasugua macho au kichwa kinamuuma akisoma, mpeleke akapimwe macho kwanza. Macho yakiwa salama na shida ikaendelea, zungumza na mwalimu wa elimu maalumu kuhusu disleksia, yaani hali ya ubongo kupata shida kuyashika maandishi. Haihusiani na akili wala na uvivu, na watoto wenye hali hiyo nimewaona wakisoma vizuri sana vitabu vya herufi kubwa na sura fupi.

Vile vitatu vya uvunguni visafishe vumbi, umpe mdogo wake kama yupo, au mtoto wa jirani wa darasa la pili, na umwombe mwanao awe anamsomea jioni. Atakubali, kwa sababu safari hii yeye ndiye mkubwa.